Vitufe vya Watulivu

Siku ya kwanza ya mfumo mpya, Subilaga Mwasomola alitaka kusimamisha laini ya kebo kwenye jukwaa la katikati ya mlima ili mzee mmoja ashuke, na mkono wake ukaenda wenyewe kule kwenye skrini breki ilikokuwa siku zote. Haikuwapo. Pale palikuwa peupe, rangi ya maziwa, na chini yake neno moja tu: Endelea. Akapapasa kushoto, akapapasa kulia, kibanda kikalipita jukwaa. Kwenye kamera alimwona yule mzee amesimama mlangoni na mkongojo wake, akitazama kijiji chake kikibaki nyuma. Ikabidi apande hadi kileleni na kusubiri safari ya kuteremka.

Mzee hakulalamika. Aliyeshindwa kula mchana ule ni Subilaga.

Alikuwa ameongoza laini ya kebo ya milimani tangu ilipojengwa. Ilikuwa kamba moja nene ya chuma iliyozunguka kati ya Kituo cha Chini, karibu na ziwa, na Kituo cha Juu kwenye baridi ya Ukinga. Vibanda viwili vilining'inia kwenye kamba hiyo, kimoja cha abiria na kimoja cha mizigo. Kimoja kikipanda, kingine kinashuka. Huwezi kukisogeza kimoja bila kukisogeza na mwenzake. Skrini ya zamani ilikuwa mbaya kuitazama, imesongamana vitufe vya kila rangi, lakini vitufe vile havikuwahi kuhama. Ungeweza kuvitumia huku umegeuka unaongea na mtu.

Mfumo mpya uliitwa Tulivu. Aliyeuleta ni mhandisi kijana, Kileo, mtu mpole aliyerudia maelezo bila kuchoka. Alimvisha kila msimamizi bangili nyembamba iliyoitambua damu ya mwenyewe. Ukiivua, skrini inajifunga. Bangili ilisoma mapigo ya moyo na jasho la ngozi, na skrini ikajipanga kwa kufuata hali ya mtu. Aliyetulia aliona vitufe vyote. Aliyeingiwa na wasiwasi alipunguziwa. Aliyeogopa sana aliachiwa kimoja, kile ambacho mfumo wenyewe ulikuwa umekwisha kukichagua.

Kileo aliwaeleza sababu. Kwenye laini nyingine, nchi nyingine, msimamizi alishikwa na hofu akabonyeza kila alichokiona, na kibanda kikaenda chini na watu wake wote. Akawaonyesha picha.

Subilaga hakuwa na ubishi na hoja hiyo. Shida ilikuwa kwamba yeye alifanya kazi kwa hofu. Hofu ndiyo iliyomfanya atazame upepo mara mbili na kurudia kukagua mlango uliokwisha kukaguliwa. Sasa hofu ileile ilikuwa inamnyang'anya vyombo vyake. Angenyoosha kidole kwenye kitufe, kitufe kikaanza kufifia, naye kwa kukiona kinafifia moyo ukaruka, na cha jirani nacho kikafifia. Aliacha chai. Akajifunza kupumua kwa tumbo kama Kileo alivyomfundisha. Jioni nyumbani alimweleza mwanawe Ipyana kwamba ni kama kupika jikoni kwa mtu ambaye anahamisha sufuria kila unapogeuka, na anazihamisha kwa sababu umegeuka.

Mwenzake wa zamu, Ezekia Tweve, hakuwa na tatizo hilo. Skrini yake ilijaa saa zote. Alikuwa mtu wa moyo wa polepole. Hata siku ya kumzika mkewe watu walimwona anapanga mabenchi na kuulizia kama wageni wamepata maji. Si kwamba hakuumia. Maumivu yake yalichelewa kufika mwilini, basi. Subilaga alimwita Baba Lusungu, kwa jina la binti yake wa pekee, muuguzi wa zahanati ya huko juu, na kila skrini ilipomwishia ilikuwa ni Baba Lusungu aliyekuja kukaa kwenye kiti chake bila kusema neno.

*

Mawingu yalikuja mchana, kutoka upande wa ziwa.

Ezekia alikuwa chini kwenye chumba cha mashine, anapaka grisi. Subilaga ndiye aliyekuwa kwenye skrini wakati gari la hospitali ya wilaya lilipofika mbio na Lusungu akashuka na masanduku ya chanjo. Kibanda cha abiria kilikuwa juu, kinajaza watu wa kurudi kutoka mnadani. Chanjo zisingeweza kungoja kwenye joto la bondeni, na anayezisindikiza hakuruhusiwa kuziacha, kwa hiyo Lusungu akaomba kupanda na mizigo. Kanuni iliruhusu. Subilaga akamfungulia mlango. Msichana alimwambia atamsalimia baba yake akirudi, sasa ana haraka.

Kwenye skrini ya Subilaga yakatokea maneno: Mizigo. Lusungu Tweve, muuguzi. Akayaona kwa macho yake kabla laini haijaondoka.

Upepo uliipiga laini vibanda vikiwa vinakaribia kumaliza safari. Cha abiria kilikuwa karibu sana na Kituo cha Chini, hata Subilaga aliweza kuona nguo za watu kupitia vioo. Cha mizigo kilikuwa kule juu, kinaukaribia mnara wa mwisho. Kamba iliruka. Subilaga aliihisi kwenye sakafu kabla ya kuisikia, mtikisiko kama wa mlango mzito uliogongwa mbali, kisha mashine ikajizima.

Kamera ya mnara ilimwonyesha yote. Upande wa kupandia, kamba ilikuwa imetoka kwenye magurudumu yake na kulalia pembe ya chuma, na kila upepo ulipovuta, pembe ilisaga kamba. Nyuzi mbili zilikwisha kukatika, zimesimama kama nywele.

Akatazama vitufe. Vilikuwa vinaondoka, kimya kimya, kimoja baada ya kingine. Breki ndogo ikaondoka. Mwendo wa polepole ukaondoka. Akajaribu kupumua kwa tumbo na tumbo likakataa. Mkono wa chuma wa mnarani, ule unaoweza kuinua kamba iliyotoka na kuirudisha kwenye gurudumu, ulibaki kidogo, ukafifia, ukaenda. Akabakiwa na weupe na kitufe kimoja: Leta abiria.

Alijua maana yake. Kuleta abiria hapa chini ni kuvuta kibanda cha mizigo kuelekea mnarani, pale kamba ilipolalia pembe. Kingegonga mnara. Abiria kumi na wanne wangeshuka salama, na kibanda cha mizigo kingeanguka korongoni.

Mfumo ulikuwa umepiga hesabu yake. Hata yeye, angekuwa hamjui aliyemo, pengine angepiga hesabu ileile. Kidole chake kilikuwa juu ya kile kitufe, na aliogopa kwamba kitakigusa chenyewe.

Ezekia akaingia anafuta mikono kwa kitambaa. Alitazama kamera mara moja, akamwinua Subilaga kwenye kiti kwa kumshika bega, akaketi, akaugusisha mkono wenye bangili kwenye kisomeo cha skrini. Vitufe vyote vikarudi. Breki ndogo, mwendo wa polepole, mkono wa chuma, safu nzima. Katikati yake, kikubwa kuliko vyote, kilikuwa kile cha kuleta abiria.

"Kile cha mizigo hakina mtu," alisema. "Tuwalete hawa nyumbani. Kile kikivunjika kivunjike."

Subilaga akatazama juu ya bega lake. Kwenye skrini ya Ezekia kulikuwa kumeandikwa neno moja tu: Mizigo. Hapakuwa na jina wala muuguzi. Mfumo ulijua aliyemo, na ulijua ni baba wa nani aliyeketi.

"Kina mtu," alisema.

"Skrini inasema mizigo."

"Nimempandisha mwenyewe."

Kidole cha Ezekia kikasimama. "Nani?"

Katika muda ule mfupi Subilaga aliyaona mambo mawili kwa uwazi ambao ulimtisha baadaye kuliko dhoruba. Akisema hakuna mtu, Ezekia atabonyeza. Akisema ukweli, moyo ule wa polepole utaruka kwa mara ya kwanza, skrini itakuwa nyeupe, na kitakachobaki ni kitufe kilekile. Hakukuwa na mtu mwingine mwenye bangili isipokuwa Kituo cha Juu, na kule simu zilikuwa zimekatika.

"Simjui," alisema. "Mtu amesindikiza mzigo."

Ezekia aliitazama tena kamera. Akasema watu kumi na wanne ni wengi, na kamba inasagika. Subilaga akamwomba ajaribu kwanza mkono wa chuma. Alimwita Tweve. Katika miaka yote hakuwahi kumwita hivyo, lakini lile jina la siku zote lisingepita kooni.

"Nitajaribu," alisema Ezekia. "Ila kamba ikianza kuachia, naleta wale kumi na wanne. Sitakuuliza tena."

Subilaga akaitika kwa kichwa. Ezekia hakuwa anamtazama, kwa hiyo aliitika peke yake.

Simu ya kibanda cha mizigo ikalia. Subilaga aliinua mkono wa simu akageukia ukutani.

"Mama Ipyana, tumesimama karibu na mnara," Lusungu alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejitahidi kuongea kawaida. "Kuna kitu kinasaga huko juu. Baba yupo? Mpe niongee naye."

"Kaa sakafuni," alisema Subilaga. "Shika ile nguzo ya katikati kwa mikono miwili. Usisimame hata uone nini."

"Mpe baba simu, mama."

Subilaga akakata. Nyuma yake Ezekia akauliza anasemaje huyo mtu. Akamjibu kwamba anaogopa. Ezekia akasema amwambie kazi inaendelea, asikate tamaa. Simu ikalia tena. Subilaga akaushika waya wake pale unapoingia ukutani, akauchomoa.

Ezekia alifanya kazi kama anayemtoa mtoto mwiba. Aliinua mkono wa chuma mpaka ukagusa kamba kwa chini. Akaachia breki kiasi cha kibanda kusogea hatua ya mtu, akafunga. Akasubiri upepo. Akaachia tena. Kamba ikainuka, ikakaribia ukingo wa gurudumu, ikateleza ikarudi kwenye pembe, na kibanda cha abiria kikabembea hivi kwamba watu walionekana wameangukiana. Wengine walikuwa wanapiga vioo. Uzi mwingine wa kamba ukakatika.

Akajaribu mara ya pili. Kamba ikateleza.

"Inaachia," alisema, kwa sauti ileile ya kuulizia maji ya wageni. Mkono wake ukaondoka kwenye breki ukaenda katikati ya skrini.

Subilaga alifungua mdomo. Jina lilikuwa pale kwenye ulimi. Kama angelitamka, Ezekia angejua anachokibonyeza. Kama angelitamka, asingebakiwa na kingine cha kubonyeza. Na wale kumi na wanne nao walikuwa na baba zao mahali fulani. Alisimama mdomo wazi, hakusema kitu, na hakuwahi kujua kama alikuwa ameamua kunyamaza au alikuwa ameshindwa tu.

Upepo ukapoa. Ni jambo dogo hivyo. Kwenye kamera Ezekia aliona bendera ya upepo ya mnarani ikilala, akarudisha mkono kwenye breki na kusema basi mara moja tu. Kamba ikainuka. Ikapanda ukingoni. Ikakaa pale, kama inayofikiri, halafu ikaingia kwenye gurudumu kwa kishindo kilichofika hadi kwenye viti vyao.

Alivuta taratibu. Kibanda cha abiria kikaingia jukwaani na watu wakamwagika nje, wengine wakapiga magoti kwenye saruji yenye maji. Kule juu kibanda cha mizigo kiliupita mnara, kikajigonga ubavu mzima, kikaingia kituoni kimebonyea kama kopo.

Baada ya muda simu za Kituo cha Juu zikarudi. Msimamizi wa kule hakujua lolote kuhusu yaliyosemwa na yaliyofichwa. Sauti yake ilitoka kwenye spika, imejaa furaha.

"Tweve, mshukuru Mungu. Binti yako mguu umevunjika, na mbavu, lakini yuko hai. Anakuulizia."

Subilaga hakumtazama Ezekia. Alitazama skrini. Vitufe vyote viliondoka kwa pamoja, hata kile kimoja, na kukabaki weupe mtupu.

*

Kampuni iliwaita mmoja mmoja. Walikuwa na furaha. Kwa maoni yao Tulivu ilikuwa imefaulu mtihani wake wa kwanza mkubwa: msimamizi aliyeogopa alizuiwa kuharibu, aliyetulia akapewa kila kitu, na hakuna aliyekufa. Walitaka Subilaga aseme hivyo mbele ya watu.

Yeye aliuliza kwa nini skrini ya Ezekia iliandika mizigo.

Mhandisi Kileo ndiye aliyejibu, na hakukwepa. Alisema mfumo huondoa mbele ya msimamizi habari inayoweza kumpandisha mapigo. Habari za familia za wafanyakazi ulikuwa nazo. Walipoutengeneza walifikiria mambo kama taarifa za misiba au ugomvi wa nyumbani. Hili hawakulifikiria. Alipofika hapo aliacha kumtazama usoni.

Ofisa mmoja wa kampuni, mwanamke mwenye sauti ya upole, akasema kwamba Subilaga naye alifanya vilevile. Alimficha mwenzake ukweli ili atulie, na hiyo ndiyo iliyowaokoa watu. "Sioni tofauti kati yako na mfumo," alisema. "Na silisemi hilo kwa kukulaumu."

"Mimi nilimficha jina," alisema Subilaga. "Mfumo ulimficha mtu."

Alitoka akijua kwamba amesema kweli, na akijua pia kwamba kweli hiyo haikutosha. Njia nzima alikumbuka kule kuitika kwake kwa kichwa.

*

Lusungu alikuwa amelazwa kwenye hospitali ya wilaya, mguu umeinuliwa kwa kamba. Ezekia alikuwa kando ya kitanda. Alimletea Subilaga kiti, akamuuliza hali ya Ipyana, akamuuliza kama mvua imewafikia. Ilikuwa mara yao ya kwanza kuonana tangu siku ile.

Lusungu ndiye aliyeanza. Alisema alipokuwa sakafuni alipiga simu tena na tena, na ilipokufa kabisa alijua baba yake yupo pale na kwamba amekataa kuongea naye. Alikaa na wazo hilo mpaka kishindo. Alisema hayo bila hasira, kama anayemweleza daktari mahali panapouma. Subilaga akamwomba radhi. Msichana akasema ameelewa, kisha akafumba macho.

Ezekia alimsindikiza nje hadi kwenye korido.

"Kama ningebonyeza," alisema, "ungeniambia lini?"

Subilaga alikuwa ameliandaa jibu la swali hilo usiku kadhaa. Sasa hakulitumia.

"Sijui kama ningekuambia, Baba Lusungu. Nadhani ningeogopa."

Ezekia aliegemea ukuta. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, na aliitazama kama mikono ya mtu mwingine. Alisema imekuwa hivyo tangu ile spika. Alisema anachokiota si binti yake anaanguka. Anaota ameketi, vitufe vyote vipo, moyo umetulia, na anamaliza zamu yake vizuri.

*

Laini ilifunguliwa tena kamba mpya ilipofungwa. Asubuhi ya kwanza abiria walikuwa wengi jukwaani, na Ezekia alikuwa wa zamu. Subilaga alimkuta amesimama dirishani, hajaketi.

Ezekia akatoka nje. Subilaga alimtazama kupitia kioo akipita kwa watu mmoja mmoja, anawapa mkono, anawauliza majina na wanakokwenda. Mama mmoja alimwonyesha mtoto mgongoni. Kijana mmoja alicheka, akidhani ni mambo ya uzinduzi. Akaenda na kwenye kibanda cha mizigo, akafungua mlango, akaingia ndani kabisa na kutoka.

Aliporudi aliketi na kugusisha bangili kwenye kisomeo. Safu ya vitufe ilitokea, kisha ikaanza kupungua. Ezekia aliweka mikono juu ya magoti akangoja. Alipumua kwa tumbo. Mkono wa chuma ulififia, ukaenda. Breki ndogo ikafuata. Subilaga, aliyekuwa nyuma yake, aliutambua ule mgongo; ulikuwa mgongo wake mwenyewe, miezi yote iliyopita. Akatamani kumwambia awasahau wale watu wa nje, akajizuia.

Kilipobaki kitufe kimoja, Ezekia alivua bangili na kuiweka mezani.

"Siwapeleki hivi, kwa kitufe kimoja," alisema.

Akatoka kuwaeleza abiria. Wengine walianza kupaza sauti. Walikuwa wamechukua likizo, walikuwa na wagonjwa, barabara ya kuzunguka mlima ni ya siku nzima. Alisimama katikati yao na kofia mkononi, anajibu kila mmoja, na alionekana anaogopa waziwazi.

Simu ya kampuni ikalia. Subilaga aliiacha ilie kidogo, halafu akaipokea. Waliuliza kwa nini laini haijaondoka, na msimamizi wa zamu yuko wapi.

"Yuko nje, anaongea na abiria," alisema.

Wakamwagiza, kama ni hivyo, aketi yeye. Akatazama kiti, akatazama bangili yake mkononi. Akaifungua taratibu, akaiweka mezani kando ya ile nyingine, na kuwaambia kwamba naye anatoka.